Unataka Kujenga Ndege ya Rimoti ya Sarakasi? Cheki Hizi Vitu Kabla Uchome Doh

Kama umewahi kuona video ya Extra 300 ya rimoti ikining'inia kwa propela, mkia ukikaribia kugusa nyasi, halafu inajigeuza na kupita kichwa chini, unajua vile hiyo kitu huingia kwa damu. Lakini nyuma ya hiyo video kuna msee alikaa kwa meza wiki kadhaa na wembe, msasa na supa glu.

Extra 300 yenyewe ni ndege ya ukweli, kazi ya Mjerumani Walter Extra, na iliruka mara ya kwanza 1988. Watu wa modeli wanaipenda ju ya bawa lake. Bawa la ndege ya kawaida limebinuka zaidi upande wa juu. La Extra liko sawa juu na chini, so hata ikigeuzwa kichwa chini inaruka tu fiti. Shida ni moja: haijirudishi yenyewe. Ukiiachilia ikiwa imelala upande, itabaki imelala upande hadi ipate ardhi. Kama hujawahi kurusha kitu, anza na simuleta kwa kompyuta, kisha ndege ya mafunzo yenye bawa juu ya mwili. Sikutishi, ni vile nimeona watu wakilia.

Ndani ya boksi la seti utapata balsa iliyokatwa na leza, plaiwudi kidogo na ramani. Mota, sevo nne, risiva, rimoti, betri na chaja kwa kawaida ni juu yako, so bei ya boksi isikudanganye. Ukiagiza kutoka nje, weka kando ya ushuru na VAT ya 16%. Na uliza muuzaji mapema kama atatuma betri, ju betri za lithiamu huwa na masharti makali zikibebwa kwa ndege.

Kazi yenyewe inaanza na meza. Meza ikiwa imepinda, ndege yako itapinda, na hakuna rimoti itanyoosha hiyo. Tandaza ramani, funika na nailoni ndio glu isishike karatasi, kisha panga vipande vikavu kwanza bila kugandisha chochote. Vikikaa vizuri ndio utoe supa glu. Epoksi weka mahali pa nguvu: ukuta unaobeba mota, miguu, na pale bawa linashikana na mwili. Kwingine usimwage glu kama mchuzi. Mkia uko mbali kuliko pua, so kila gramu unayoongeza nyuma itakudai gramu zaidi mbele.

Kabla ugandishe bawa na mkia, chukua uzi. Pima kutoka katikati ya nyuma ya ndege hadi ncha ya bawa la kushoto, halafu la kulia. Lazima zilingane. Simama nyuma pia ucheki kama mkia na bawa vimelala sambamba. Hapa usikimbie, rudia hata mara tano. Ndege iliyokosea hapa itavuta upande mmoja kila ukipiga kitanzi, na utadhani ni mikono yako ndio mibaya.

Kufunika ni ile plastiki ya kushikishwa na pasi. Anza na moto mdogo. Ukimaliza, ziba ule mwanya kati ya bawa na aileroni kwa ukanda wa plastiki, ju mwanya mkubwa unaweza fanya aileroni itetemeke ikiwa kasi, na ikitetemeka inaweza kung'oka.

Sasa umeme. Kwa ndege ya sarakasi kadiria wati 330 kwa kila kilo. Modeli ya kilo 1.4 basi inataka karibu wati 460. Spidi kontrola iwe na ampea zaidi ya zile mota inavuta, usinunue ile ya kutoshea tu. Betri ya lipo ya seli 3 ni volti 11.1, ikijaa ni 12.6, na usiwahi kushusha seli chini ya volti 3. Betri ikifura, maisha yake yameisha, usiichaji tena. Na tafadhali, kama unaishi bedsita, usiweke chaji ulale. Moto wa lipo hauna huruma na godoro lako liko hapo tu.

Ukiwa unaseti rimoti, toa propela kwanza. Vidole havina spea.

Halafu kuna zile cheki mbili zinaua ndege nyingi siku ya kwanza. Moja ni uzito. Ramani inaonyesha mahali ndege inafaa kusimama ukiibeba na vidole viwili chini ya mabawa, betri ikiwa ndani. Kama pua inainama kidogo, sawa. Kama mkia ndio unashuka, usirushe, sogeza betri mbele. Ya pili ni aileroni. Stiki ikienda kulia, aileroni ya kulia inapanda juu. Mimi niliwahi kuziunganisha kinyume nikajiambia nitaangalia uwanjani. Nilisahau. Ndege iliinuka kama mita nne, ikalala kushoto, nikasukuma stiki kulia, ikalala zaidi. Kazi ya miezi miwili iliisha kwa sekunde tatu, na nikarudi nyumbani kwa mat na mbao kwa gunia.

Kuhusu mahali pa kurushia, KCAA ndio inasimamia vyombo vinavyoruka bila rubani hapa Kenya, so waulize kwanza na ukae mbali na viwanja vya ndege, barabara na watu. Kumbuka pia Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, propela inashika kidogo, na ndege inatua ikiwa na kasi kuliko vile wasee wa Mombasa wamezoea. Acha nafasi ya kutosha ya kushuka.

Enda asubuhi kabla upepo uamke. Weka taima ya dakika nne, punguza mwendo wa sevo kwa rimoti, na hiyo siku usijaribu sarakasi yoyote. Paa, zunguka, tua. Kisha kagua kila skrubu ukiwa bado uwanjani.