Kuaga Shule Mwisho wa Mwaka: Tulikotoka na Kinachofuata Baada ya Mahafali

Ndugu wana Ndanda na wenzetu wote wa Masasi,

Kila mwaka, ikifika Septemba, kadi za mahafali huanza kuingia mijini kutoka nyumbani. Mtoto wa kaka anamaliza kidato cha nne, binti wa shangazi naye anamaliza, na sisi tulioko Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza tunaombwa mchango. Tunatoa, na ni vizuri tunatoa. Lakini ni wachache wanaojua desturi hii ilianzaje kwetu na imebadilikaje. Mwaka huu, tunapoomba tena michango yenu, nimeona nieleze historia hiyo kwa kifupi, maana ndani yake mna jambo linalohusu fedha tutakazokusanya.

Historia ya shule za Wakatoliki kwetu ilianza kwa misukosuko. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto, na Askofu Cassian Spiss akauawa akiwa safarini kusini. Mwaka uliofuata, 1906, Wabenedikto walianza upya, safari hii Ndanda, chini ya mteremko wa nyanda za Makonde penye maji yasiyokauka. Kanisa, hospitali, karakana, kiwanda cha uchapaji na shule vikakua pamoja mahali pamoja. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa kwetu akisema "misheni" huwa anamaanisha vyote hivyo kwa neno moja.

Kabla ya shule, wazee wetu Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa na namna yao ya kumvusha kijana kutoka hatua moja kwenda nyingine: jando na unyago. Kijana alitengwa, akafundishwa, kisha akatolewa kwa ngoma na nguo mpya. Wamisionari wengi waliitazama mila hiyo kwa mashaka. Kwa majirani zetu Waanglikana wa Masasi, Askofu Vincent Lucas aliona afadhali kuipa jando sura ya Kikristo kuliko kuipiga marufuku. Kwa Wakatoliki mvutano ulidumu muda mrefu. Hata hivyo kuna jambo moja katika mila ile ambalo naomba tulikumbuke, kwa kuwa nitalirudia mwishoni: kila mwali alikuwa na kungwi wake. Ngoma ilikwisha, wageni wakaondoka, lakini kungwi alibaki. Mwaka mzima na zaidi, kijana alijua aende kwa nani.

Wakati wa ukoloni waliofika sekondari walikuwa wachache mno, na kumaliza kulikuwa ni kuhama. Aliyetaka kufika darasa la kumi na mbili na kufanya mtihani wa Cambridge aliweza kulazimika kuuacha mkoa. Mzee wetu Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, alipita hapa Ndanda, kisha akaenda Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, na baadaye Makerere. Kijana wa namna hiyo aliagwa na kijiji kizima. Hakukuwa na tenti wala muziki wa kukodi. Kulikuwa na misa, baraka za padre na chakula, halafu sanduku la bati likapandishwa juu ya lori. Lakini wakati ule aliyemaliza alikuwa anasubiriwa na kazi: ualimu, ukarani, uganga hospitalini au seminari. Kwa hiyo mtu aliyeagwa alikuwa anakwenda mahali panapojulikana.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kuanzia mwaka 1970 Serikali ilichukua shule za mashirika ya dini, isipokuwa seminari. Sekondari ya Ndanda ikawa ya Serikali, na shule nyingine nchini zikapewa hata majina mapya: Marian College ya Morogoro, iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll, ikawa Kilakala. Wanafunzi sasa walipangwa kutoka nchi nzima. Mtoto wa Newala alilala kitanda kimoja cha ghorofa na mtoto wa Bukoba, na wa Ndanda akapelekwa Tabora kwa waranti ya Serikali, akipanda basi, meli na treni.

Mfumo huo ulibadilisha maana ya kuagana. Aliyemaliza Ndanda mwaka 1975 alijua wazi kwamba wenzake wengi hatawaona tena. Hapakuwa na simu ya mkononi. Ndiyo maana watu wa umri ule bado wanatunza vile vitabu vidogo vya kumbukumbu, kila ukurasa na anwani ya sanduku la posta, wasia na mzaha wa rafiki mmoja. Waliomaliza kidato cha sita walikuwa na kituo kinachofuata: Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa la lazima kwao tangu 1967 hadi lilipositishwa mwaka 1994. Lilirejeshwa mwaka 2013.

Je, jumuiya ya Wakatoliki ilikufa shule zilipotaifishwa? Haikufa. Ilihamia kwa wanafunzi wenyewe, ndani ya TYCS. Mpaka leo, katika shule nyingi za Serikali, wanafunzi Wakatoliki hufanya mahafali yao pembeni ya yale ya shule: misa ya shukrani, risala, kubariki kalamu kwa ajili ya mtihani, zawadi ya rozari au Biblia, na viongozi wapya kukabidhiwa madaraka mbele ya altare. Desturi hiyo iko pia katika shule zinazomilikiwa na Kanisa kusini, kama Abbey ya Ndanda, Aquinas ya Mtwara na Seminari ya Namupa.

Kwa sisi wa kusini, kuaga shule kulikuwa na adui wa ziada: barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Ndundu, na mvua ikizidi njia ilifunga. Mwanafunzi aliyefunga shule Desemba aliweza kula Krismasi njiani. Adui wa pili alikuwa kalenda ya mfuko wa mzazi. Fedha ya kwetu ni korosho, na korosho huuzwa kuanzia Oktoba. Malipo yakichelewa, Januari humkuta mzazi mikono mitupu huku shule zinafunguliwa.

Sasa tutazame hali ya leo. Kuanzia 2004, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulileta shule za kata. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita katika shule za Serikali. Haya ni mafanikio makubwa. Lakini yamehamisha tatizo, na chama chetu bado kinachangisha kana kwamba liko pale pale.

Hesabuni miezi. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani, Septemba au Oktoba. Mtihani ni Novemba. Matokeo hutoka Januari. Kidato cha tano huanza Julai. Yaani kijana tuliyemwaga kwa keki na taji la maua hukaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka bila mwalimu, bila kazi na bila mtu wa kumuuliza. Hapo ndipo binti anapopata mimba au kuozwa, na ndipo mvulana anapopanda bodaboda ya mkopo asirudi tena darasani. Akipangiwa shule ya mbali, fomu ya kujiunga inadai godoro, sare, vitabu na nauli, mwezi ambao korosho hazijauzwa.

Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo niruhusuni mfano wa namba. Tuseme darasa la wahitimu 80 linachangishwa shilingi 20,000 kila mmoja kwa ajili ya sherehe. Hiyo ni 1,600,000 inayokwisha siku moja. Sisemi sherehe zifutwe, kwani mtoto anastahili kuagwa. Nasema mfuko wetu usiishie kwenye sherehe.

Kwa hiyo, katika harambee ya mwaka huu napendekeza fedha zielekezwe mahali patatu. Kwanza, nauli na vifaa vya kuanzia kwa kila kijana wetu aliyepangiwa kidato cha tano au chuo na mzazi hana. Pili, kozi fupi za ufundi katika miezi ile ya kusubiri, kwa sababu mafundi wa misheni wapo Ndanda na vyuo vya VETA vipo Lindi na Mtwara. Tatu, jambo lisilohitaji fedha nyingi: kila mhitimu apewe mtu mmoja mzima miongoni mwetu, mwenye simu na muda, wa kumfuatilia tangu Novemba hadi Julai.

Huyo wa tatu ndiye kungwi niliyemtaja. Wazee wetu hawakumtoa mwali wakamwacha. Shule zilipokuja, Kanisa na Serikali zikachukua nafasi ya kungwi kwa kumwekea kijana kazi au kituo kinachofuata. Leo nafasi hiyo iko wazi, na hakuna wa kuijaza isipokuwa sisi.

Fomu ya ahadi imeambatishwa. Jaza kiasi utakachotoa, na chini yake andika kama uko tayari kumchukua kijana mmoja. Karibuni sana.