Betri, Kanda na Waya: Historia ya Kusikiliza Muziki Ukambani

Hedifoni kubwa, zile zinazofunika sikio zima, ni ngeni katika masoko ya Ukambani. Mukuyuni na vituo vingine vya Makueni na Kitui vilipitia kwanza santuri, redio ya betri, redio ya kanda na simu ya kuwekea nyimbo. Kila kimoja kati ya vyombo hivyo kilinunuliwa kwa hesabu ileile: kwanza kitakula nguvu ya nini, pili kinauzwa pesa ngapi, na mwisho kinalia vipi. Ladha ya masikio ilisubiri zamu yake kwa miongo mingi.

Kabla ya vyombo hivyo, muziki mwingi ulikuwa shughuli ya watu waliokusanyika. Ngoma ya kilumi, inayochezwa zaidi na akina mama watu wazima katika maombi ya mvua na katika uganga, ilimtaka aliyehudhuria aitikie au acheze. Vijana walikuwa na ngoma zao, zikiwemo zile za kuruka sarakasi zilizowapatia Wakamba sifa Kenya nzima. Aliyetaka kusikia alikwenda kiwanjani, na akifika hakusikia peke yake.

Ng'ambo, hedifoni zilianza kama kifaa cha kazi. Mwishoni mwa karne ya 19 zilivaliwa na waendeshaji wa mitambo ya simu, na baadhi zilikuwa nzito hata zikalazimika kubebwa begani. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mkazi wa jimbo la Utah, Marekani, aliliuzia jeshi la wanamaji la nchi yake hedifoni alizoziunda jikoni kwake. Miaka ya 1920, redio nyingi za bei nafuu hazikuwa na kikuza sauti, hivyo msikilizaji alizivaa kwa kukosa njia nyingine. Spika zilipoenea, hedifoni zilirudi kwa mafundi na wanajeshi.

Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928 kupitia British East African Broadcasting Company. Matangazo hayo yalikuwa ya Kiingereza na yaliwalenga walowezi, kwa hiyo nyumba za Waafrika wa mashambani hazikuwa na sababu wala uwezo wa kununua chombo. Njia ya mwanzo ya Waafrika kufikia hedifoni ilikuwa jeshi. Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia askari Waafrika walifunzwa kazi ya mawasiliano, wakapokea ujumbe wa redio hedifoni zikiwa masikioni. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta matangazo ya kwanza kwa lugha za Kiafrika, maana jamaa waliobaki nyumbani walitaka habari za vijana wao.

Mwaka 1953, Hali ya Hatari ikiwa imeshatangazwa, serikali ya kikoloni iliunda huduma ya matangazo kwa Waafrika, na Kikamba kikawa miongoni mwa lugha zake. Nia ilikuwa ya kisiasa waziwazi. Hata hivyo, kwa msikilizaji wa Kitui au wa milima ya Mbooni hilo lilikuwa badiliko kubwa: lugha ya nyumbani ilianza kutoka ndani ya sanduku. Kizuizi kilikuwa sanduku lenyewe. Redio mashuhuri ya bei nafuu barani wakati huo, iliyobuniwa kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1949 na kupewa jina la sufuria kwa sababu ya umbo lake la bati la mviringo, iliuzwa pauni 5. Betri yake iligharimu shilingi 25 zaidi na ilidumu takriban saa 300. Kwa shilingi za Afrika Mashariki, pauni 5 ni shilingi 100, fedha ambazo kibarua hakuziona kwa urahisi. Transista ndiyo iliyovunja kizuizi hicho. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 redio zilipungua ukubwa, na katika miongo miwili iliyofuata zikaingia vijijini, zikitumia mawe madogo, yaani betri, yanayouzwa dukani kwa jozi.

Mawe hayo yalitawala kila kitu. Kiwanda cha Eveready kilifunguliwa Nakuru mwaka 1967 na kikaendelea hadi 2014, na betri zake zilikuwa bidhaa ya kila duka la kijijini pamoja na chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Zilipoanza kudhoofika hazikutupwa. Zilitolewa, zikaanikwa juu ya bati au jiwe lililopata moto wa jua, kisha zikarudishwa jioni zikatoa saa moja au mbili za ziada, kwa kuwa joto huchangamsha kemikali zilizobaki ndani. Nyumba nyingi zilifungua redio kwa taarifa ya habari tu na kuifunga mara matangazo ya vifo yalipokwisha. Muziki ulipata kilichosalia.

Matangazo hayo ya vifo yanaeleza kwa nini hedifoni zisingepata nafasi wakati ule. Jina la marehemu, kijiji chake na siku ya mazishi vilipaswa kusikika na kila aliyekuwemo nyumbani na jirani aliyepita. Redio ya mmoja ilikuwa ya mtaa mzima. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipoiteka Sauti ya Kenya na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, habari ilisambaa kwa namna hiyohiyo, kutoka redio moja hadi watu kumi.

Sambamba na redio palikuwa na santuri, na hapa ndipo sauti ya Ukambani ilipopata umbo lake la kisasa. Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa ya bendi za benga ya Kikamba: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Lower Mbooni Boys, Katitu Boys, na Kalambya Sisters, ambao wimbo wao Katelina ulivuka mipaka ya lugha. Kakai, aliyefariki mwaka 1987, aliimba pia kwa Kiswahili na hivyo akapendwa mbali na kwao. Kazi hizi zilirekodiwa Nairobi na kuuzwa kwenye maduka ya River Road na mitaa ya jirani katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo ulikatwa mara mbili. Upande wa kwanza ulisimulia kisa, na upande wa pili magitaa yakaachiwa yaongoze.

Mpangilio wa benga hiyo una uzito katika suala la kuchagua chombo cha kusikilizia. Gitaa la besi hurukaruka badala ya kunguruma. Juu yake gitaa la pili hurudia kifungu kifupi bila kuchoka, na gitaa la solo hupanda katika nyuzi nyembamba kabisa, likijibu sauti ya mwimbaji kwa wimbo mwingine unaojitegemea. Aliyesikia santuri hizo kupitia spika ya redio ndogo alipata solo na sauti ya mwimbaji, basi. Besi ilikuwa mdundo wa kukisia, na gitaa la pili liliyeyuka. Vizazi viwili vya mashabiki viliijua benga hivyo, nusu yake ikiwa haijasikika, na ni haki kusema kwamba wapigaji wa magitaa ya pili ndio waliodhulumiwa zaidi.

Kanda ilizinduliwa na Philips mwaka 1963, lakini Ukambani ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilibeba dakika 60 au 90, ilistahimili vumbi kuliko santuri, na zaidi ya yote ilinakilika. Kunakili kulienea kuliko kampuni za muziki zilivyoweza kuzuia, na biashara ya santuri ndogo ikaporomoka katika miaka ya 1980. Msikilizaji alifaidika, mwanamuziki akaumia. Betri bado ziliamua matumizi: kanda ilirudishwa nyuma kwa kuizungusha kwenye kalamu ya wino ili injini ya redio isile mawe bure.

Kanda hiyohiyo ndiyo iliyoyapeleka masikio ya dunia kwenye hedifoni za burudani. Sony ilitoa Walkman tarehe 1 Julai 1979, pamoja na hedifoni za takriban gramu 50. Mashine ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea, kwa sababu Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni, aliona kusikiliza peke yako mbele ya mwenzako ni utovu wa adabu. Watumiaji hawakujali sana, na tundu la pili likaondolewa baadaye. Ukambani, Walkman na nakala zake za bei ya chini zilibaki vitu vya wanafunzi na waliofanya kazi mjini.

Badiliko la kweli lilitoka upande usiotarajiwa. Baada ya sheria za utangazaji kulegezwa katika miaka ya 1990, vituo vya lugha za nyumbani vilichipuka. Vikundi vya akina mama vya Nthongoni, upande wa Kibwezi, vilianzisha redio ya jamii ya Mang'elete mwaka 2004, na Musyi FM, Mbaitu FM na Athiani FM zikaja kuwa majina ya kila siku. Muda si mrefu simu za bei nafuu zenye redio ya FM zikajaa sokoni. Simu hizo hazina antena yake: waya wa eafoni ndio antena. Asiyechomeka eafoni hasikii kituo. Hivyo eafoni ya shilingi 100 au 200 iliingia shambani, malishoni na kwenye viti vya bodaboda, na wengi waliichomeka kisha wakafungulia spika ya simu ili wenzao nao wasikie. Vibanda vya kuwekea nyimbo kwenye kadi ya kumbukumbu vilirudisha sokoni Kakai na Mwambi, safari hii pamoja na waimbaji wa baadaye kama Ken wa Maria, Kativui na Maima.

Hedifoni kubwa zimeingia juu ya historia hiyo, na uchaguzi wake bado unafuata hesabu ya zamani, ila sasa swali la tatu limepata nafasi. Kuhusu nguvu, zenye Bluetooth huhitaji kuchajiwa na haziwezi kuwa antena ya FM. Anayesikiliza vituo vya Kikamba kwenye simu ndogo anahitaji zenye waya. Waya nao una masharti: hedifoni za wastani wa omu 32 hulia vizuri kwenye simu, wakati zile za studio za omu 250 au zaidi hutoa sauti hafifu bila kikuza sauti, hata ziwe za bei gani.

Kuhusu umbo, zipo aina mbili. Zilizofungwa nyuma huzuia kelele za nje na hazimwagi sauti. John Koss wa Milwaukee alianza kuuza za stereo mwaka 1958, na nyingi tangu hapo zimefuata njia hiyo. Zilizo wazi nyuma, zilizopata umaarufu kwa HD 414 ya Sennheiser mwaka 1968, hutoa sauti pana inayopumua, lakini jirani husikia kila kitu na msikilizaji husikia kila pikipiki. Chumbani usiku, zilizo wazi hazina mpinzani kwa benga. Kwenye matatu ya kwenda Machakos hazifai kabisa.

Ladha ndiyo inayopotoshwa zaidi na wauzaji. Hedifoni nyingi za chini ya shilingi 2,000 hutangazwa kwa wingi wa besi, na besi iliyofura hufunika gitaa la pili palepale ambapo redio ndogo ililipoteza. Kwa muziki wa gospeli wa kinanda au wa klabu kasoro hiyo husameheka. Kwa benga haisameheki. Kipimo cha haraka dukani ni kucheza wimbo unaofahamika, hasa ile sehemu ya magitaa, na kufuata gitaa moja tu mpaka mwisho. Likipotea besi inapoingia, jozi hiyo haifai. Kuanzia kama shilingi 5,000 huwa rahisi kupata jozi inayofaulu, na zaidi ya hapo pesa nyingi hulipia uzuiaji wa kelele, starehe ya kichwa na jina.

Kiwango cha sauti kina mpaka pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa juma kwenye desibeli 80, na kila sauti inapopanda, saa hizo hupungua upesi. Hedifoni zinazofunika sikio vizuri husaidia, kwa sababu asiyesumbuliwa na kelele hana haja ya kuongeza sauti. Barabarani, hata hivyo, mwendesha bodaboda anahitaji masikio yake yote mawili.

Kinachokufa kwanza katika jozi nyingi ni waya karibu na plagi, kisha mito ya masikio inayobanduka kwa jasho. Waya unaochomoka hubadilishwa kwa dakika moja, na ule uliogandishwa unahitaji fundi wa simu mwenye risasi ya kuunganishia. Mito ya ukubwa wa kawaida hupatikana Nairobi na kutumwa kwa matatu.