Shahada ya Siasa na Kiti cha Enzi

Anayeuliza shahada ya sayansi ya siasa itamfikisha wapi na aitazame Mlimani ya mwaka 1967. Mwaka huo wa Azimio la Arusha, Yoweri Museveni aliingia chuo cha Dar es Salaam kusoma uchumi na siasa, akaja kuongoza USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi. Mwaka 1969 umoja huo ulishiriki kuanzisha jarida la Cheche, ambalo baadaye lilitoa toleo maalumu la makala ya Issa Shivji, mwanafunzi wa sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Mwaka 1970 serikali ilivipiga marufuku vyote viwili.

Njia zikaachana. Shivji alibaki chuoni akiihoji dola. Museveni aliitwaa dola kwa mtutu wa bunduki mwaka 1986. Chini yake ukomo wa mihula ya urais ukafutwa mwaka 2005, na ukomo wa umri mwaka 2017.

Taaluma huwafundisha wote swali moja: nani anatawala, na kwa manufaa ya nani? Haimlazimishi mhitimu kuendelea kuliuliza akishakalia kiti. Ajira ni hoja halali. Lakini hata nyuma ya meza ndogo ya ofisi ya wilaya, swali hilo humngoja.