Taa ya gari linaloserereka: kwa nini VSC iwe sharti kwa magari ya familia

Nilikuwa nimetoka Rongo nikielekea Homa Bay, saa tisa na nusu alasiri, na mvua ilikuwa imeanza kama inavyoanza kule ziwani, bila kupiga hodi. Ndani ya Sienta tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama mzazi aliyekaa nyuma na kikapu chake cha halua na mabumunda ya kumpelekea binti yake aliyeolewa Kendu Bay. Kabla hatujafika Rodi Kopany boda boda ikachomoka kwenye njia ya vumbi na kukata barabara mbele yetu. Nikakata usukani kulia, kisha kushoto. Mkia wa gari ukaanza kwenda unakotaka wenyewe.

Nikasikia mkwaruzo chini ya mguu wa breki, taa ya manjano yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda ikawa inawaka na kuzima, na gari likajinyoosha. Mama akauliza, "Mbona umelitikisa hivyo, mwanangu?" Hakujua lililotaka kutokea. Na mimi, kusema kweli, sikufanya lolote la kujisifu. Nilikata usukani kwa hofu kama ambavyo mtu yeyote angekata. Aliyetuokoa ni mtambo.

Usiku ule Kendu Bay, tukila samaki, nilimsimulia shemeji yangu. Yeye ana Probox ya mwaka 2009 ambayo asubuhi hubeba omena na Ijumaa hubeba familia nzima kwenda msikitini. Akanisikiliza, kisha akasema, "Shemeji, gari ni dereva." Neno hili nimelisikia pia Mombasa, Malindi na Lamu, na ndilo lililonifanya niandike. Swali langu ni moja: je, mtambo huu uwe sharti la kisheria kwa kila gari la familia linaloingia nchini, au ubaki kuwa bahati ya mnunuzi?

Kwanza tuujue. Kila kampuni ina jina lake. Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mazda na BMW DSC, Mitsubishi ASC, na Mercedes, Volkswagen na Suzuki ESP. Kazi ni ile ile. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko yake, usukani una sensa inayojua dereva anataka kwenda wapi, na katikati ya gari kuna sensa inayopima gari lenyewe linazunguka kiasi gani. Kompyuta hulinganisha habari hizi mara nyingi kwa sekunde. Ikiona usukani unasema kushoto na gari linakwenda moja kwa moja, au mkia umetangulia kuzunguka, hufunga breki ya gurudumu moja tu, lile linalofaa, na kupunguza nguvu ya injini. Pua ikikataa kukunja hushikwa gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona. Mkia ukitoka nje hushikwa la mbele upande wa nje. Hakuna binadamu awezaye kufanya hivyo, kwa sababu sisi tuna pedali moja ya breki na yote manne hufuata pamoja.

Watu wengi huchanganya mtambo huu na ABS. ABS huzuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki kwa nguvu, ili usukani uendelee kutii. VSC hutumia vifaa vya ABS, lakini hufanya kazi hata kama hujagusa breki kabisa. Ndiyo maana ABS ikifa, VSC nayo hufa.

Mtambo huu ulianza kuuzwa mwaka 1995 kwenye Mercedes za matajiri, ukiwa umetengenezwa pamoja na kampuni ya Bosch. Pengine ungebaki huko juu kwa miaka mingi kama si aibu ya Oktoba 1997. Jarida la magari la Uswidi, Teknikens Värld, lilikuwa likijaribu Mercedes mpya ndogo ya familia, A-Class, kwa jaribio la kukwepa ghafla. Kule msituni hutokea mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kuliko ng'ombe, akasimama barabarani, na dereva hukata usukani upande mmoja kisha mwingine. A-Class ikapinduka. Mercedes wakasimamisha kuuza kwa muda, wakarekebisha springi, na wakaweka ESP kwenye kila A-Class bila kumuongezea mnunuzi bei. Kilichokuwa anasa kikaingia kwenye gari dogo la nyumbani.

Nikiikumbuka ile boda boda ya Rodi Kopany naona ni jaribio lile lile. Mnyama tu ndiye tofauti.

Baada ya hapo serikali zikaingia. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2007 kwamba magari yote madogo ya mwaka wa muundo 2012 na kuendelea yawe nao. Australia ilianza na miundo mipya mwaka 2011. Umoja wa Ulaya ulianza na miundo mipya mwaka huo huo, na kufikia Novemba 2014 ikawa kila gari jipya. Japani ilianza mwaka 2012 kwa miundo mipya ya magari ya abiria, na ile ya zamani ikapewa muda. Hawakufanya hivyo kwa kupenda vitu vya kisasa. Taasisi ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, IIHS, ilikuta kwamba mtambo huu hupunguza karibu kwa nusu hatari ya ajali za kuua zinazohusu gari moja peke yake, yaani lile lililoacha njia bila kugongana na mwenziwe. Baada ya mkanda wa kiti sijui kifaa kingine cha gari chenye hesabu kama hiyo.

Sasa turudi kwetu. Magari mengi ya familia Kenya ni mitumba ya Japani, na sisi watu wa Pwani tunayaona yakishuka Kilindini kabla ya mtu mwingine yeyote. Kanuni ya KEBS inayojulikana kwa nambari KS 1515 inataka gari la mtumba lisizidi miaka minane na liwe na usukani wa kulia. Kwa hesabu hiyo, kuanzia Januari 2025 lililosajiliwa kabla ya 2018 haliingii. Tazama basi lililotokea: kwa kuwa Japani ilishalazimisha mtambo huu, magari ya familia tunayoyashusha leo kutoka huko yanakuja nao. Tumeupata kwa sheria ya wenzetu. Hatukuuomba, wengi hatujui kama tunao, na kwa kuwa hatukuuomba hakuna anayeulizwa ukiharibika.

Hilo ndilo nililolikuta Migori. Kesho yake nilikwenda huko kwa shughuli nyingine, nikaipeleka Sienta kwa fundi mmoja aitazame miguu ya mbele. Nikamwuliza kuhusu ile taa. Akacheka. "Mzee, hiyo taa watu huniletea niizime." Akanieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu hununua gari la Japani, analiona liko chini mno kwa matuta na njia za kwenda Muhuru Bay au Kehancha, analinyanyua kwa spesa. Anaweka tairi mbili mpya mbele za saizi moja na mbili kuukuu nyuma za saizi nyingine. Anabadilisha mtambo wa usukani bila kuirudisha sensa yake kwenye sifuri. Kompyuta ikipokea habari zisizopatana hujizima na kuwasha taa. Mwenye gari haoni tofauti yoyote akiendesha, gari linakwenda vizuri tu, kwa hiyo tatizo kwake ni taa. Taa inafunikwa au inachomolewa, na siku ya kuuza, mnunuzi anaona dashibodi safi.

Na barabara zile zinauhitaji mtambo huu kuliko nyingi nilizopita. Njia ya A1 kutoka Isebania mpakani, ikipita Migori, Awendo na Rongo kwenda Kisii hadi Ahero, imetengenezwa upya na ni laini, na mwendo umepanda nayo. Awendo kuna kiwanda cha sukari cha Sony, na matrekta ya miwa huacha majani na mabua juu ya lami. Kila njia ya vumbi inapoungana na lami, mvua huleta tope jekundu hadi katikati. Ongeza ng'ombe, watoto wa shule, na matuta yasiyo na rangi. Dereva mwangalifu kabisa hulazimika kukwepa mara kadhaa kwa safari moja. Hapo ndipo maneno ya shemeji yangu yanaponipa taabu. Ni kweli gari ni dereva, lakini dereva aliyeshtushwa hana ujuzi wowote kwa ile sekunde moja ya kwanza.

Probox yenyewe inafaa kutazamwa peke yake, kwa sababu ndiyo gari la familia la huku hata kama waliolitengeneza hawakukusudia hivyo. Kwao Japani ni gari la mizigo myepesi la mafundi na mawakala wa mauzo. Zile za zamani kama ya shemeji hazina VSC. Zilizotoka baada ya marekebisho makubwa ya 2014 zinayo. Kwa nje mtu anaweza kuzichanganya zikiwa na vumbi, na kwa bei ya mkononi tofauti hiyo haitajwi kabisa. Wauzaji hutaja rimu, redio na kamera ya nyuma.

Wapo wanaopinga sharti hili, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni bei. Serikali ya Marekani ilipotoa kanuni yake ilikadiria kwamba gari ambalo tayari lina ABS huongezewa kama dola 111 kupata mtambo huu. Si bure, lakini kuna watu hulipa zaidi ya hapo kwa rimu. Ya pili ni kwamba wanaokufa zaidi kwenye barabara zetu ni waendao kwa miguu na watu wa boda boda, na mtambo wa ndani ya gari hauwahusu. Hii ina uzito. Nchi inapoteza zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka barabarani, na njia za kando za waendao kwa miguu zingeokoa wengi kuliko kompyuta yoyote. Lakini gari linaloserereka Awendo siku ya soko haliendi kugonga mti. Linawaendea wao.

Ya tatu ni ya watu wa matope, nao wana haki. Ukikwama kwenye udongo mweusi VSC na ile ya kuzuia gurudumu kuzunguka bure hukata nguvu ya injini unapoihitaji. Kitufe cha kuzima kimewekwa kwa ajili hiyo. Ukitoka kwenye tope, irudishe.

Nisizidishe sifa: mtambo hauongezi mshiko wa tairi, hutumia uliopo tu. Tairi kipara, gari la watu watano lililobeba tisa, kona ya kilomita 50 iliyoingiwa kwa 100, hapo hauna la kufanya.

Lakini wanaosema soko litajirekebisha lenyewe siwakubali. Kampuni huuza kulingana na sheria ya nchi. Shirika la Global NCAP liligonganisha Nissan NP300 Hardbody jipya lililouzwa Afrika na Navara la mtumba la 2015 kutoka Ulaya. Likahitimisha kwamba dereva wa gari jipya huenda asingepona, na wa mtumba angeshuka akatembea. Ni kampuni moja. Kilichotofautisha ni nani alidai nini.

Kwa hiyo ninachotaka ni vitu viwili. Kanuni zetu ziutaje mtambo huu kwa jina kwa kila gari la familia, liwe la mtumba au la kuunganishwa hapa nchini, ili siku gari lisipotoka Japani tusibaki tukitegemea bahati. Na ukaguzi uuangalie. Mwaka 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari, kwa hiyo mjadala ulishafunguliwa. Kuuangalia hakuhitaji mashine. Funguo au kitufe kikiwekwa kwenye ON, kabla injini haijawaka, taa ya gari linaloserereka lazima iwake. Injini ikishawaka, lazima izime. Isipozima, mtambo una kasoro. Isipowaka kabisa tangu mwanzo, huenda mtu ameichezea.

Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu. Alikuwa Mombasa, kwenye yadi moja ya magari, amesimama mbele ya Probox nyeupe, na muuzaji yuko pembeni yake anamhesabia bei. "Dashibodi ni safi, shemeji, hakuna taa hata moja," akaniambia. Nikamwuliza kama injini inawaka. Akasema ndiyo, muuzaji ameshaiwasha tangu zamani. Nikamwambia, mwambie azime, aanze upya, na asipige stati mpaka uone mwenyewe.