Mtunya: neno moja tu, na historia ikafunguka

Nimepotea kidogo, mnisamehe, testi zilibana na bumu limekata. Leo nina habari ya historia, ila inaanzia kwenye kompyuta.

Tulipewa kazi ya kuandika juu ya njaa katika Ugogo. Nikaingia Google, nikaandika "njaa Dodoma zamani". Zikaja bei za mahindi na utabiri wa mvua. Nikabadilisha mara tano, wapi! Jamaa zangu wakawa wameshaanza kudesa. Usiku nikampigia bibi kule Chamwino. Akaniuliza, "Unatafuta njaa ipi, mume wangu? Ile ya Mtunya?"

Nikaandika hilo neno pamoja na Tanzania. Mara moja ikaja makala ya mwanahistoria Gregory Maddox, iliyotoka mwaka 1990 katika Journal of African History. Mtunya ndilo jina ambalo Wagogo waliipa njaa ya 1917 hadi 1920, na maana yake inakaribia "kugombania". Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani, na baada yao Waingereza walioingia Dodoma 1916, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipogoma, ghalani hakukuwa na akiba na zizini hakukuwa na ng'ombe wa kubadilisha kwa chakula. Inakadiriwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Yaani mmoja katika kila watano, jamani! Na mimi nimesoma Dodoma miaka yote bila kulisikia darasani.

Nikaanza kujiuliza, kwa nini neno moja lilifanya kazi na mengine yakagoma?

Miaka ya 1990, enzi za AltaVista (1995), mwenye tovuti aliweza kuficha orodha ya maneno ndani ya ukurasa ili injini ya utafutaji imwone. Wajanja wakajaza maneno yasiyohusiana kabisa. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi kama sisi, wakaanzisha Google, iliyoangalia pia ni kurasa zipi nyingine zinauelekeza ukurasa huo. Mwaka 2009 Google ikatangaza wazi kwamba ile orodha ya kuficha haiihesabu katika kupanga matokeo. Kilichobaki ni maneno ambayo msomaji anayaona, yalingane na yale anayoyaandika mtu anayetafuta.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote cha mtandaoni, jiulize: mwenye shida hii ataandika neno gani? Anza kuandika kwenye kisanduku uone Google inakupendekezea nini, hayo ndiyo watu huyatafuta. Usiridhike na neno pana. "Karanga" peke yake italeta bei na mapishi, ila "mradi wa karanga Kongwa 1947" inakupeleka kwa Waingereza na matrekta yao yaliyoshindwa na ardhi yetu hadi 1951. Kumbuka pia tahajia. Burton aliyepita Ugogo 1857 aliandika Mgunda Mk'hali, wengine wakaandika Mgunda Mkali, na ni nyika ileile. Ukishapata neno lako, liweke kwenye kichwa cha habari na mwanzoni, kisha andika kawaida. Kulirudia kila mstari kunachosha msomaji, na injini nazo zinashtuka.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Nilipoandika "njaa ya Mtunya" kwa Kiswahili kitupu, sikuona kitu cha maana. Maelezo niliyoyapata yalikuwa kwa Kiingereza, wakati wajukuu wa waliokufa wanatafuta kwa Kiswahili. Mwaka kesho kutwa nitakuwa nafundisha fomu tu mahali fulani. Mwanafunzi wangu akitafuta, akute nini?

Nimeshaanza kuandika aliyonisimulia bibi, ambayo naye alisimuliwa na mama yake. Kichwa nimekiita "Njaa ya Mtunya Ugogo 1917-1920". Hakina madoido, lakini mtu atakiona.

Na wewe, kwenu njaa zile wazee waliziitaje? Piga simu nyumbani uulize, wakati bado wapo wa kupokea. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ugali wa kantini unaniita.