Kodi ya Kipande cha Bustani: Habari za Uingereza na Mafunzo Yake Kwetu



Katika mikutano yetu swali moja limerudi mara kwa mara: mtu apewaye kipande cha bustani ya mboga katika ardhi ya watu wote atoe kodi gani, na kodi hiyo impatie nini? Wako wasemao kwamba ardhi ya jamaa haikodishwi. Wako wasemao kwamba kitu cha bure hakina mlinzi. Kabla hatujaamua, tumeona yafaa kueleza habari za nchi iliyoshindana na swali hili kwa zaidi ya miaka mia mbili, yaani Uingereza. Wengi wetu twadhani nchi ile ni ya viwanda na matajiri tu. Kumbe maskini wake nao waliwahi kunyimwa ardhi, na bustani hizi zilizaliwa katika dhiki hiyo.

Zamani wanakijiji wa Uingereza walikuwa na haki ya desturi katika ardhi ya pamoja, kama vile kulisha ng'ombe wao na kukata kuni. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi ya namna hiyo, zikahusu eka zipatazo milioni 6.8. Mwenye hati alibaki. Mwenye desturi tu aliondoka. Wazee wetu hawahitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo.

Kibarua asiye na ng'ombe wala kuni alitegemea ujira, na ujira haukutosha. Ndipo makasisi na wenye mashamba wengine wakaanza kugawa vipande vidogo vya kulima mboga na viazi. Katika kijiji cha Great Somerford, jimbo la Wiltshire, kasisi Stephen Demainbray alisimama mwaka 1809 ili maskini watengewe bustani za bure ardhi ilipozungushiwa ua. Lakini mahali pengi vipande hivyo vilitozwa kodi, na mara nyingi kibarua alilipa kwa eka moja zaidi ya alivyolipa mkulima mkubwa wa jirani. Sababu moja ilikuwa ya haki: mwenye ardhi mara nyingi ndiye aliyelipa ushuru wa serikali za mitaa. Sababu nyingine haikuwa ya haki: mwenye njaa hana nguvu ya kupatana bei. Tena palikuwa na masharti ya tabia, kama kukatazwa kulima siku ya Jumapili, na aliyeyavunja aliweza kunyang'anywa bustani. Hivyo mtu alilipa kwa fedha, akalipa na kwa utii.

Sheria ilikuja polepole. Ile ya mwaka 1845 iliagiza kwamba ardhi ikizungushiwa ua, sehemu itengwe kwa bustani za maskini, kila kipande kisizidi robo eka. Hata hivyo, katika eka zaidi ya 600,000 zilizozungushiwa ua miaka iliyofuata, ni eka 2,200 hivi tu zilizotengwa. Sheria ya mwaka 1887 ikazitaka halmashauri zitafute ardhi palipo na haja, na ile ya mwaka 1908 ikawapa raia sauti: watu sita, wapiga kura au walipa ushuru, wakipeleka maombi yao kwa maandishi, halmashauri haina budi kuyafikiri. Tangu mwaka 1925 halmashauri haiwezi kuuza ardhi iliyonunuliwa kwa ajili ya bustani hizo pasipo idhini ya Waziri.

Kipimo cha desturi ni rodi 10, yapata mita za mraba 250; eka moja hutoa vipande kumi na sita vya namna hiyo. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 chakula kilipopungua, hata bustani za starehe za miji zililimwa, na hesabu ya vipande ikakaribia 1,500,000. Katika vita vya 1939 hadi 1945 ilikaribia idadi hiyo tena. Amani iliporudi, nyumba zikajengwa juu ya viazi, na kufikia mwaka 1970 vilibaki vipande 530,000 hivi.

Juu ya kodi yenyewe, neno kubwa limo katika sheria ya mwaka 1950. Halmashauri itoze kiasi ambacho mpangaji anaweza kutazamiwa kwa haki kulipa kwa matumizi hayo, wala si bei ambayo ardhi ingepata kwa mjenzi wa nyumba. Mwenye shida maalumu aweza kupunguziwa. Kodi ya mwaka ikizidi shilingi 25 za wakati ule, mtu asidaiwe mapema zaidi ya robo mwaka. Asitolewe kwa notisi ya chini ya miezi 12. Lakini haki ina pande mbili: kwa sheria ya mwaka 1908, aliyechelewesha kodi siku 40 aweza kupewa notisi ya mwezi mmoja.

Mwaka 1969 kamati iliyoongozwa na Profesa Harry Thorpe ilitoa taarifa kwamba bustani nyingi zilikuwa duni, na ikashauri ziwekewe huduma bora. Huduma zikiongezeka, gharama nayo huongezeka: bomba la maji, ua, lango lenye kufuli, njia ya kupitishia mbolea, kibanda cha majembe, choo. Shauri lilifika mahakamani mwaka 1981, ikaamuliwa kwamba halmashauri ikipandisha kodi ya bustani, itazame pia inavyotoza huduma nyingine za burudani, isiwaonee wenye bustani peke yao. Leo mahali pengi kodi ni makumi ya pauni kwa mwaka, pengine zaidi ya mia moja. Maji mara nyingi huhesabiwa mbali, na wazee wengi hupunguziwa.

Katika habari hizi twachota mambo matatu. Kwanza, kodi ya ardhi na gharama za huduma ziandikwe mbalimbali, ili mlipaji ajue shilingi yake imekwenda wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, kodi iwe ya kumtosha mwenye jembe, wala isifuate bei ya mwenye kujenga. Tena mjane na mzee wakumbukwe kwa kanuni, si kwa huruma ya mtu mmoja. Tatu, na hili ndilo kuu, anayelipa apewe stakabadhi na muda ulio wazi. Wanakijiji wa Uingereza walikuwa na desturi bila hati, na tumeona yaliyowapata. Kodi ndogo yenye stakabadhi humlinda mlimaji kuliko bure isiyoandikwa.

Haya twayaweka mbele yenu, wazee, mkate shauri.