Majira ya Mlima Meru na Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, iko mashariki mwa mji wa Arusha. Hali yake ya hewa hutawaliwa na Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560. Pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua kwenye miteremko ya kusini na mashariki, penye migomba na kahawa. Upande wa pili, kuelekea Oldonyo Sambu, ardhi ni kame na vumbi hutimka.

Masika hunyesha Machi hadi Mei. Njia ya kupandia kutoka lango la Momella huwa tope tupu, na kilele hakionekani. Vuli, Novemba na Desemba, si kali kiasi hicho.

Wapandaji wafike Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Mwezi wa Julai mji huamka na mawingu na baridi kali, lakini juu ya mawingu hayo mara nyingi jua huwaka. Safari ya kileleni huanza usiku wa manane, hivyo koti zito na glavu ni lazima hata kiangazi. Anayependa mandhari ya kijani na Kilimanjaro ikionekana vizuri achague Januari.